Mfunge Kwanza, Kisha Tawakali

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (SWT), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.



Kuna neno ninalolisikia mara kwa mara hapa Kampala. Boda boda imeanguka, kijana ameumia kichwa, amekimbizwa Mulago. Anayeleta habari hamalizi bila kusema, "Ni kadari ya Allah." Neno hilo ni la haki, na kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu. Ninachouliza ni hiki: tunalisema wakati gani? Likisemwa baada ya msiba, ni subira. Likisemwa kabla ya msiba, ili mtu asivae helmeti, limegeuka kisingizio.

Sayyidna Umar bin al-Khattab (RA) alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na masahaba, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (RA) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba wanaitoka kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mwingine ni mkavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari. Basi, ndugu zangu, helmeti nayo ni kadari. Breki nzima ni kadari. Aliyeumba ajali ndiye aliyetupa akili ya kujikinga nayo, na Mtume (SAW) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha atawakali.

Tena Mtume (SAW) hakuishia kwenye ngamia. Alimwamuru anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Hebu tulitazame agizo hili. Hakuwaambia wapita njia wawe macho. Jukumu alimpa mwenye mshale. Nyumba moja ilipoungua usiku mjini Madina na watu wake wamo ndani, alifundisha kwamba moto ni adui yetu, tuuzime kabla ya kulala. Alionya dhidi ya kulala juu ya paa lisilo na ukingo. Akahesabu kuondoa kinachodhuru njiani kuwa tawi la imani. Mambo haya tunayasoma katika vitabu vya hadithi tangu madrasa, lakini ni nadra kuyasikia yakihubiriwa kama ibada. Nayo ni ibada, kwa sababu Qur'ani katika Surat al-Baqara, aya ya 195, imetukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu, na katika Surat al-Maida, aya ya 32, imelinganisha kuokoa nafsi moja na kuokoa watu wote.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ni wetu. Helmeti iliyo bora na iliyofungwa vizuri hupunguza sana hatari ya kufa na ya kuumia ubongo. Sheria ya Uganda inamtaka dereva wa pikipiki na abiria wake wote wawili waivae. Hata hivyo, swala ya Ijumaa ikimalizika, nawaona vijana wetu wamepanda watatu juu ya pikipiki moja, vichwa vitupu, na mmoja anamhimiza dereva akimbize kwa sababu amechelewa kipindi. Mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Abiria anayehimiza mwendo ameshika mshale kwenye mpini na kuiachia ncha iwaelekee watu.

Kwa hiyo napendekeza jumuiya yetu ifanye mambo matatu.

La kwanza, madereva wa boda boda. Wengi wao ni ndugu zetu, tunasimama nao safu moja. Baada ya swala ya Alasiri, mara moja kwa mwezi, tukae nao kwa darasa la nusu saa. Tusiende kuwakemea. Tuwasikilize, kisha tuzungumze nao kuhusu breki, taa na helmeti ya abiria. Sehemu ya sadaka inunue helmeti. Na dada zetu wasiambiwe kwamba hijabu ni udhuru: kitambaa chepesi kisicho na pini wala fundo kubwa hukaa chini ya helmeti bila tabu.

La pili, hosteli zetu. Mwezi Aprili 2008 bweni la wasichana la shule ya msingi ya Budo liliteketea usiku, na watoto wakafia ndani. Kila chumba tujiulize: hita ya maji imechomolewa? Jiko limezimwa? Mlango wa dharura unafunguka, au umezibwa kwa masanduku? Kukagua haya kabla ya kulala ni kutekeleza Sunna.

La tatu, huduma ya kwanza. Wenzetu wanaosoma udaktari na uuguzi watufundishe. Tujue kukandamiza jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi. Tujue kutomnyanyua ovyo aliyeumia shingo au mgongo. Tujue kupoza palipoungua kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, badala ya kupaka dawa ya meno. Mtume (SAW) alimbebesha dhamana anayetibu bila ujuzi. Basi huruma yetu nayo iwe na elimu.

Ndugu zangu, mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa ada anasubiri mtoto arudi na shahada. Mwili huu ni amana ya Allah, na mwili wa jirani ni amana vilevile. Ajali ikitupata baada ya kujitahidi, tutasema Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un kwa moyo uliotulia. Kabla ya hapo, tufunge mkanda wa helmeti, tusome dua ya safari, twende.

Ee Allah, waponye waliolala wodini, warehemu waliotangulia, na utujaalie tuwe watu ambao wengine wamesalimika na ndimi zao na mikono yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.