Kasoro ya Kufuli Ifichwe?

Mwaka 1851, mjini London, fundi Mmarekani A. C. Hobbs alilifungua bila ufunguo kufuli la kampuni ya Bramah, lililokaa miaka mingi katika dirisha la duka pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayelishinda. Alilihangaikia saa 51 katika siku 16. Wako waliomlaumu: ati amewafundisha wezi! Akajibu kwamba wezi walikwisha kuyajua hayo.

Sisi twakubaliana naye. Muuza kufuli ajuaye kasoro ya mali yake, akanyamaza, huvunja amri ya saba kabla mwizi hajafika mlangoni, na mjane hulala akijidhania salama. Lakini haturidhiki na fundi amwonyeshaye hila hiyo kila mpita njia, kabla mjane hajapata nafasi ya kubadili kufuli lake. Kampuni ya Bramah ilibisha, mwisho ililipa.