Hisani Isiyojua Kikomo

Nabii Mika aliyataja mahali pamoja haki, rehema na unyenyekevu, na aghalabu wahubiri huyasoma matatu hayo kwa pumzi moja, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja wasiopata kugombana. Lakini mtu aliyeitafakari tarehe ya Tabora, mji uliokusanya misafara ya Ujiji na Karagwe kabla haijashuka Bagamoyo, hujua kuwa rehema yaweza kutangulia ikafika mbali sana, ilhali haki ingali nyuma haijafunga mizigo.

Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie waliondoka Bagamoyo Juni 1878, wakamzika mwenzao, Padre Pascal, njiani Ugogo, na mwaka uo huo wakaingia Tabora. Huko pembe na wanadamu viliuzwa katika soko moja. Kwa kuwa hawakuwa na kadhi wa kumshtaki muuzaji mbele yake, walitoa mali, wakawakomboa watoto, wakawalea katika makao ya mayatima, hatimaye huko Kipalapala, karibu na Tabora. Je, hiyo ilikuwa haki? Muuzaji alikwenda zake na faida yake, na yamkini thamani aliyopewa ilimtia hamu ya kurudi na mtoto mwingine. Mtoto naye alipata chakula, mafundisho na ubatizo, na pamoja na hayo yote alipata mtu wa kumshukuru maisha yake yote.

Siwalaumu kwa kukomboa. Sheria iliyokomesha utumwa Tanganyika haikutoka hadi 1922, miaka 44 baada ya safari ile, na anayemwambia mtoto aliyefungwa kamba angoje sheria hajui alisemalo. Lawama yangu ni kwa hisani isiyojua mwisho wake. Mfadhili akidumu kuwa mfadhili, wema wake hugeuka deni lisilo na hati, ambalo mdaiwa hawezi kulilipa wala kulikana, na kila afanyalo kwa hiari yake huonekana utovu wa shukrani.

Mtazame Adrian Atiman. Alinyakuliwa utotoni katika nchi za mto Niger, akakombolewa Aljeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, alikotibu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Wengi humtaja ili kusifu ukarimu wa waliomkomboa. Mimi naona jambo jingine: padre aliyeshikwa na homa Karema alikuwa mgonjwa wake, akitii alivyoamriwa kunywa dawa. Waliokomboa walimpa aliyekombolewa elimu ambayo wao wenyewe walilazimika kuitegemea, na hapo ndipo rehema ilipoikaribia haki. Lakini Atiman alikuwa mmoja. Mayatima walio wengi waliwekewa njia na wakubwa wao, wasiulizwe.

Mambo hayo hayakwisha pamoja na misafara. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipokewa katika makao ya wakimbizi ya Ulyankulu, katika nchi ya Tabora iliyokuwa ya Mtemi Mirambo, wakapewa ardhi, wakalima, wakajenga makanisa yao. Ukarimu ule ni fahari ya Tanzania, wala sitaupunguza hata chembe. Hata hivyo, aliyezaliwa hapo aliweza kukua, akaoa na akazika wazazi wake angali mgeni, asiye na kura, ahitajiye kibali ili atoke makaoni. Ni mwaka 2010 ndipo serikali ilipokubali kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa makao ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ardhi aliyopewa mgeni yaweza kusimangwa. Kura ya raia haina wa kuisimanga.

Kipimo hicho, kama aliyefadhiliwa ana sauti yake mwenyewe, nakileta katika jumuiya ndogo ndogo zetu, ambamo msiba ukitokea daftari la michango hufunguliwa upesi kuliko Biblia. Mjane aliyeshindwa kutoa fungu lake husamehewa mbele ya watu wote, nao hupiga makofi, na yeye huinama kushukuru. Wasamehevu wale wana wema, sina shaka. Ila kabla ya kumsamehe ingefaa waulizane ni nani aliyekadiria fungu lile, na kama siku ya kulikadiria mjane alikuwapo, na alipofungua kinywa kama kuna aliyeyaandika maneno yake.