Kipimo cha Mwalimu wa Mchezo

Sisi wa Dar es Salaam tunamwita mwalimu. Kocha ni neno la magazetini na redioni, lakini mchezaji akiwa uwanjani huita "mwalimu", na jina hilo lina uzito kuliko tunavyodhani. Mwalimu wa shule hatumpimi kwa jaribio moja la Jumamosi jioni. Huyu wa mpira twampima hivyo hivyo.

Atokaye Kivukoni kwa miguu, akaipita Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, hufika mahali ambapo hukumu hiyo hutolewa kila siku. Yanga wako Twiga na Jangwani, Simba wako Msimbazi, na kati yao hakuna mwendo wa kumtoa mtu jasho. Klabu mbili zilizozaliwa miaka ya 1930, na vijiwe vya kahawa visivyo na idadi. Hapo mwalimu aliyeshinda ni mwanachuoni, aliyetoka sare ni mtu wa kuangaliwa, na aliyefungwa na mtani afunge mizigo. Kisha huletwa mwingine kutoka nje, maana mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sisemi ushindi si kitu. Mwalimu ambaye timu zake hufungwa miaka nenda rudi, hata awe mpole namna gani, hatuwezi kumwita bingwa wa kazi yake. Ninalouliza, ndugu msomaji, ni kama ushindi ndio kipimo chenyewe au ni dalili tu. Mwaka 2003 Simba, chini ya Mkenya James Siang'a, iliwatoa Zamalek wa Misri waliokuwa mabingwa wa Afrika. Ilishinda 1-0 hapa, ikafungwa 1-0 Cairo, ikapita kwa penalti. Siang'a alikuwa mlinda mlango enzi zake, lakini siku ile hakuruhusiwa kudaka hata mpira mmoja. Aliyesimama golini ni Juma Kaseja. Miaka 20 baadaye, 2023, Yanga ya Mtunisia Nasreddine Nabi ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger. Ilifungwa 2-1 nyumbani, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, na kombe likabaki huko kwa kanuni ya bao la ugenini. Je, Siang'a ni mkubwa na Nabi ni mdogo kwa sababu ya mikwaju michache na kanuni moja? Hata mtu wa kijiweni, ukimwongezea kikombe cha pili, atakataa.

Basi nitazame kwingine. Mwaka 1976 mtawa kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika shule ya St Patrick's, Iten, nchini Kenya, kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea riadha. Mtu asiyejua, akiwa mnyenyekevu, hulazimika kutazama. Na mimi nashikilia kwamba kutazama ni nusu ya ualimu. Miongoni mwa vijana aliowalea ni David Rudisha, ambaye tarehe 9 Agosti 2012, London, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akiongoza tangu mwanzo, akaweka rekodi ya dunia. Filbert Bayi wetu naye aliongoza hivyo hivyo Christchurch mwaka 1974, mita 1500. Laiti angepata mwalimu wa kumlazimisha ajifiche nyuma ya wenzake kwa kuwa ndivyo wengi wafanyavyo, tungekuwa na mkimbiaji mtiifu tu.

Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hilo. Nilimfahamu kijana wa Gerezani aliyekuwa na goti bovu. Mwalimu wake, ambaye sitamtaja wala timu yake, alijua. Ilikuwa fainali ya mtaa, na bila kijana yule safu ya mbele ilikuwa butu. Akafungwa bendeji, akaingia, akafunga bao, kombe likaja. Goti halikurudi. Leo ana kibanda cha vitenge karibu na soko, na anapopanda ngazi hupumzika katikati kama mzee.

Kwangu mimi, mwalimu yule alishindwa siku ile ile aliyoshinda. Alikuwa na mtu mbele yake, akaona mguu. Tena mguu haukuwa wake. Mwenye kombe huweza kulirudisha kabatini. Goti la mtu halina kabati. Watakaosema kijana alikubali mwenyewe, nawauliza: nani mwenye miaka 18 humwambia mwalimu wake hapana, na uwanja umejaa?

Nilimuuliza kijana mwenyewe siku moja, akikunja vitenge. Aliniambia mwalimu yule ndiye mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona. "Alinichagua mimi, kaka," alisema. "Angeweza kumwingiza mwingine."

Sikumbishia. Mteja alikuwa amefika, naye alihitaji kitenge cha juu, karibu na paa.