Ruhusa ya Sheria na Sauti ya Dhamiri

Kule Colorado, jimbo la Marekani, raia wenyewe walikusanya sahihi ili bangi iruhusiwe. Mwaka 2012 wapiga kura 55 katika 100 walikubali. Tangu hapo mtu wa miaka 21 na zaidi aweza kupanda mimea sita nyumbani, mahali palipofungwa kwa kufuli.

Je, walikosa? Kumtia mtu gerezani kwa ajili ya majani machache huweza kuvunja jamaa. Kuondoa adhabu hiyo kwaweza kuwa haki. Lakini kura huondoa adhabu, haiondoi madhara. Kufuli humzuia mtoto asiguse mmea. Halimzuii asimtazame baba yake akivuta. Siku atakapouliza, “Baba, jambo hili ni jema?”, asijibiwe tu, “Sheria yakubali.” Hapo baba aiulize kwanza dhamiri yake.