Mwewe wa Ngoitokitok na Mas'ala ya Riziki

Wanazuoni wa tauhidi walihitilafiana tangu zama za kale juu ya riziki ya mja: je, ni kile alichokimiliki kwa njia ya halali, kama walivyosema Muutazila, au ni kile alichonufaika nacho hasa, kikamshibisha au kikamsitiri, kiwe mali yake kisiwe mali yake, kama walivyoshikilia Maashari, na Ibrahim al-Laqani wa Misri akawafuata katika utungo wake wa tauhidi wa karne ya 17? Msomaji aliyeketi barazani huweza kudhani kuwa hayo ni mabishano ya watu waliokuwa na wasaa mwingi, na pengine ataendelea kudhani hivyo mpaka siku atakayoteremka ndani ya kreta ya Ngorongoro, chini mita 600 hivi kutoka ukingoni, naye ameshika sandwichi mkononi.

Mimi ni mtu wa kupenda mkate uliotiwa kitu ndani, na katika safari nimeula kwa sura nyingi: mishkaki ndani ya boflo pale Forodhani, Unguja, mkate umelowa ukwaju na pilipili, chapati iliyoviringwa pamoja na mayai, ambayo Waganda huiita roleksi, ikiliwa wima kando ya barabara, na mikate ya vituo vya mabasi, ambayo heri nisiitaje. Lakini juu ya yote hiyo naiweka sandwichi ya Karatu, mji ule wa vumbi jekundu ambao wageni huupita wakienda kutazama simba, na ambao wapishi wake huamka kabla ya adhana ya alfajiri ili maboksi ya chakula yawe tayari kabla magari hayajaelekea lango la Lodoare. Mkate wake ni mzito kidogo, nao unaliwa katika nchi yenyewe inayolima ngano. Kuku ni wa kienyeji, amechambuliwa kwa vidole wala hakukatwa kwa kisu. Na kitunguu ni kile chekundu cha Mang'ola, kinachonyweshwa maji ya chemchemi kule karibu na Ziwa Eyasi, ambacho mpishi ajuaye kazi yake hukifikicha kwa chumvi na kukikamulia ndimu, hata ukali ukipungua hubaki utamu unaotafunika.

Boksi hilo kwa desturi hufunguliwa Ngoitokitok, kando ya bwawa lenye viboko, na madereva hawachoki kuonya kwamba watu wale ndani ya gari. Mzee mmoja tuliyefuatana naye alitaka kuwaona viboko huku anakula, akasimama nje. Mwewe akaja kutoka nyuma yake, bila sauti, bawa likampitia sikioni, na kufumba na kufumbua mkononi mwake ilibaki karatasi na kipande cha kitunguu.

"Pole sana, mzee wangu," alisema dereva, kijana wa Kiiraqw, akijizuia asicheke.

"Haikuwa riziki yangu, mwanangu," mzee akajibu, akakila kile kitunguu.

Jawabu lile lilikuwa la Kiashari kamili, na sijui kama mwenyewe alitambua. Sandwichi ilikuwa milki yake bila shaka, maana aliinunua. Lakini aliyenufaika nayo ni mwewe, na mwewe hamiliki kitu. Hiyo ndiyo hoja waliyoitoa Maashari dhidi ya wapinzani wao: lau riziki ingekuwa ni milki, wanyama wasingekuwa na riziki, ilhali Kurani, katika Sura Hud, inathibitisha kuwa hakuna kiumbe kitambaacho ardhini ila riziki yake iko juu ya Mwenyezi Mungu. Wakaongeza kwamba hata mwizi, akila alichoiba, amekula riziki yake, ila ataulizwa kwa nini aliipata kwa njia ya haramu.

Hapo kwenye mwizi ndipo penye uzito, nami sipendi tupapite mbio. Maneno ya mzee yule yalikuwa mazuri kwa sababu aliyasema juu ya chakula chake mwenyewe. Yahamishe uyaweke kinywani mwa mwingine, uone yanavyobadilika. Katika hifadhi hiyo ya Ngorongoro, iliyotengwa na Serengeti mwaka 1959 ili ufugaji na wanyama viishi pamoja, Wamasai walikatazwa kilimo mwaka 1975, wakaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha wakakatazwa upya. Kwa hiyo unga wao hupanda mlima kutoka Karatu, na tangu 2022 kuna jamaa waliohamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Sina nia ya kuhukumu hapa kama sheria hizo ni za haki, maana uhifadhi nao una hoja zake; nasema tu kwamba mtu aliyeshiba, akawatazama wale walioondolewa na kusema kuwa riziki yao haikuandikwa pale, amejivika manyoya ya mwewe ilhali yeye ni mukalafu, mwenye kuwajibika mbele ya sheria. Kadari aijua Mungu, kabla ya tendo na baada yake. Sisi tumepewa amri na makatazo tu, na hakuna mwanachuoni wa Kiashari aliyemwachia mwizi kwa hoja kwamba tonge lilikwisha kuandikwa. Ndiyo maana mbele ya mwewe mimi ni Mwashari bila kusita, lakini mbele ya binadamu mwenye kalamu na muhuri huwasikiliza Muutazila kwa makini zaidi, kwa kuwa wao walikataa katakata kumnasibishia Mungu tonge la dhuluma.

Nilimwambia mzee hayo huku nikimkatia nusu ya sandwichi yangu. Aliipokea kwa mkono wa kulia, akaingia nayo garini, akapandisha kioo mpaka juu, ndipo akasema bismillahi.