Mzee Yu Hai, Shamba Si Lako

Waandishi wa kale, Cicero miongoni mwao, wamesimulia kisa cha Sophocles, mtunzi wa tamthilia wa Athens aliyeishi karibu miaka 90. Uzeeni, wanawe walimshtaki. Walidai akili imemruka, mali imemshinda, kazi yake ni kutunga tu. Basi anyang'anywe usimamizi wa mali hiyo. Mzee hakubishana. Aliwasomea mahakimu sehemu ya tamthilia aliyokuwa akiiandika, akawauliza kama hayo ni maneno ya mtu aliyepungukiwa. Wakamwachilia.

Mashtaka kama hayo tunayo hapa Gusii, ila husikizwa kwa chifu au midomoni mwa majirani. Bonasi ya majani chai ikiingia kwenye akaunti ya mzee kule Nyamira, au mnunuzi akiulizia kiploti kando ya barabara ya Keroka, ghafla baba anaambiwa hajui tena alitendalo. Mama mjane huzushiwa makubwa zaidi: ataitwa mchawi. Na neno hilo huua. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne, wengine wao vikongwe, waliuawa kwa tuhuma hiyo.

Vijana, najua ardhi imekuwa finyu na nyumba ya kuoa inahitaji kiwanja. Lakini Sheria ya Urithi ya Kenya huanza kazi mwenye mali akishafariki. Baba akiwa hai, huna fungu la kudai. Una la kuomba. Basi omba, mama akiwepo na dada zako wakiwepo, maana sheria hiyo haiwabagui mabinti. Akikataa, subiri au katafute kwingine. Na kama kweli kumbukumbu zinampotea, mpeleke hospitali kabla hujampeleka kwa chifu. Mgonjwa hutibiwa, hatangazwi sokoni.

Tamthilia ile aliyowasomea mahakimu Sophocles nayo ina funzo. Oedipus, mzee kipofu, alifukuzwa mjini kwao, wanawe wa kiume wakanyamaza. Aliyemshika mkono njiani ni binti yake, Antigone. Baadaye mwana mmoja, Polynices, alimfuata akililia radhi, kwa kuwa sasa alitaka kiti cha ufalme. Aliondoka na laana. Tazama vijijini mwetu: anayemwogesha baba na kumpikia uji mara nyingi ni binti ambaye hakuna aliyemkumbuka siku ya kupima mashamba.

Sophocles alifariki mwaka 406 kabla ya Kristo, na tamthilia hiyo ikaonyeshwa mwaka 401, ikiandaliwa na mjukuu wake. Sophocles alitunga zaidi ya tamthilia 100. Zilizotufikia nzima ni saba tu, na hii ni mojawapo. Mali waliyoigombania wanawe haijulikani iliko.

Radhi ni bora kuliko mali. Ukienda nyumbani mwezi huu, mpelekee mzee sukari, umsikilize hadi amalize, na habari ya hati ya shamba usiianzishe wewe.