Ukweli wa Kuazima

Katika somo la sayansi mtoto hufundishwa kwamba Dunia ni mviringo kama chungwa. Hulinakili jibu hilo katika daftari, hulikariri, na siku ya mtihani hulirudisha kama alivyolipokea. Jibu ni sahihi, na alama hupewa. Lakini lipo swali la kimaadili ambalo mtihani hauliulizi: je, mtoto huyo amejua, au ametii tu?

Lau angeambiwa kwamba Dunia ni bapa kama sinia, angeliandika hilo nalo kwa mwandiko uleule. Ukweli alio nao, basi, ni wa kuazima. Atakayekuja kesho na sauti kubwa zaidi aweza kumpokonya.

Huenda ikasemwa kwamba hakuna binadamu awezaye kuhakiki kila kitu kwa macho yake. Ni kweli. Elimu imesimama juu ya kuaminiana. Hata nahodha huitegemea dira asiyoiunda. Hata hivyo, ipo imani iachayo mlango wazi, na ipo iufungayo. Mwalimu mwadilifu huaminiwa, kisha humwonyesha mwanafunzi njia ya kumhakiki.

Na njia yenyewe haiko mbali. Asimamaye ufukweni akalitazama jahazi likitokomea, huona mwili wa chombo ukitoweka kwanza, ilhali tanga lingali laonekana. Mwezi unapopatwa, kivuli cha Dunia kinachoufunika huwa na ukingo wa mviringo. Hoja hiyo aliitoa Aristotle zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Naye Al-Biruni, katika karne ya 11, alipima kimo cha mlima ulio katika Pakistan ya leo, akapima na pembe ya upeo uonekanao kutoka kileleni, kisha kwa hesabu akaupata ukubwa wa Dunia nzima.

Hoja hizi hazimtaki mtu asadiki tu, zamwalika atazame. Kumpa mtoto jibu na kumnyima sababu yake ni dhuluma, hata jibu likiwa la kweli, kwani humfunza somo jingine lisiloandikwa ubaoni: kwamba ukweli ni lolote asemalo mwenye chaki. Somo hilo halisahauliki upesi kama mengine. Mtoto hukua nalo, akaenda nalo sokoni na kwenye mikutano ya hadhara, ambako wenye chaki ni wengi na si wote wasemao kweli.